Barua ya wazi kwa vijana mnaokusanya visa vya watu

Wajukuu zangu,

Nawasalimu nyote. Nawaona mkizunguka na simu zenu, mkiwarekodi wavuvi, mama ntilie, wakimbizi na waliotoka kifungoni. Kazi njema. Nilikaa chumba cha habari hadi macho yakachoka, na kizazi chenye hamu ya kuwasikiliza wanyonge kama hiki chenu sijakiona. Ila lipo jambo mnalichukulia wepesi mno, nalo ni majina ya hao wanaowasimulia. Kuhusu hilo nataka mumjue mwanamke mmoja wa Uturuki, Pınar Selek.

Alizaliwa Istanbul mwaka 1971. Baba yake, Alp Selek, ni wakili aliyefungwa miaka kadhaa baada ya jeshi kutwaa madaraka mwaka 1980, kwa hiyo binti alijua milango ya gereza tangu angali mdogo. Akasoma sosholojia, na badala ya kujifungia maktaba akaenda kukaa na watoto wa mitaani, akafungua karakana ya sanaa wakafanya kazi pamoja. Akaandika pia juu ya watu waliobadili jinsia waliofukuzwa Ülker Sokak, mtaa mmoja katikati ya jiji, wakati polisi na baadhi ya majirani walipoamua kuusafisha. Hao ni watu ambao wengine walikuwa wakiwapita njiani wakitazama pembeni. Yeye alikaa nao hadi wakamwamini.

Kisha akagusa jambo zito zaidi. Alianza kuwahoji Wakurdi, jamii ya wachache nchini humo, wakiwemo waliokuwa kwenye mapambano ya silaha dhidi ya serikali, akitaka kujua kwa nini mtu huchukua bunduki na vipi amani ingepatikana. Kwa Uturuki ya miaka ile hata kuuliza swali hilo kulitosha kukutia mashakani. Tarehe 11 Julai 1998 polisi walimkamata. Walichotaka kwanza kilikuwa majina: nani uliongea naye, yuko wapi. Akakataa. Wakamning'iniza kwa mikono, wakampiga shoti za umeme. Akakataa.

Siku mbili kabla hajakamatwa kulitokea mlipuko katika Mısır Çarşısı, soko kongwe la viungo pale Istanbul. Watu 7 walikufa na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Pınar yuko gerezani, anatazama taarifa ya habari kwenye televisheni, anasikia kuwa yeye ndiye aliyetega bomu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za soko! Ripoti kadhaa za wataalamu zilielekeza kwenye gesi iliyovuja, si bomu. Kijana aliyedai kwamba walishirikiana alikana mbele ya mahakama, akasema maneno yale yalitolewa kwa mateso. Kijana huyo msimchukie. Mwili wa mtu una kikomo, na sijui kati yetu ni nani angevuka usiku wa kwanza.

Pınar alitoka gerezani mwishoni mwa mwaka 2000, baada ya takriban miaka miwili na nusu, kesi ikiwa bado inaendelea. Ndugu yake wa kike aliacha kazi yake akasomea sheria ili amtetee, akaungana na baba yao kwenye kesi. Yeye mwenyewe hakwenda kujificha: mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa wanawake walioanzisha Amargi, chama cha kupinga ukatili dhidi ya wanawake, na mwaka 2008 akatoa kitabu kuhusu jinsi jeshi linavyowafinyanga vijana wa kiume kuwa "wanaume". Sikiliza sasa mwenendo wa kesi. Mahakama ilimwona hana hatia ikamwachia huru mwaka 2006, ikamwachia tena 2008, ikamwachia tena 2011. Kila mara upande wa pili ukakata rufaa. Januari 2013, akiwa tayari ughaibuni, akahukumiwa kifungo cha maisha. Hukumu hiyo ikafutwa mwaka 2014, na Desemba ya mwaka huohuo akaachiwa mara ya nne. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikafuta na hilo, Januari 2023 ikatoka hati ya kumkamata popote alipo, na tangu hapo kesi huitwa, huahirishwa, huitwa tena. Yeye yuko Nice, Ufaransa, anafundisha chuo kikuu, na nchi hiyo imempa uraia. Kwao hawezi kukanyaga.

Najua mtakachosema: Babu, si angetaja tu majina mawili matatu, akaendelea na maisha yake? Angeweza. Ila wale waliomfungulia mlango hawakuwa wamekubali kuwa bei ya uhuru wake. Walikubali kuongea na mtafiti. Mkataba ulikuwa huo, hata kama haukuandikwa popote.

Lakini msidhani nawataka muwe mashujaa. Sitaki hata mmoja wenu ajaribiwe hivyo. Ndiyo maana nasema msiwe na majina ya kutaja. Ukimhoji mtu ambaye maneno yake yanaweza kumponza, mpe jina la bandia tangu ukurasa wa kwanza, na ufunguo wa nani ni nani uuweke mbali na daftari, au usiuandike kabisa. Sauti ya mtu ni jina lake, kwa hiyo rekodi isikae kwenye simu unayotembea nayo, wala msirushiane kwenye makundi ya WhatsApp eti "sikilizeni huyu bibi anavyoongea". Ukiandika "mwalimu pekee wa kijiji fulani mwenye ulemavu wa mguu", umeshamtaja. Picha ya nyumba yenye namba mlangoni, umeshamtaja.

Na kabla hujabonyeza kurekodi, mweleze yanayoweza kumpata, kwa lugha anayoielewa, si fomu ya kusaini haraka haraka. Usimwahidi usalama usioweza kuutoa. Mwambie akipenda anaweza kukuambia ufute, na akisema ufute, ufute mbele ya macho yake, hata kama ndiyo habari bora uliyowahi kuipata. Nawajua waandishi. Hapo ndipo roho huuma.

Wale ambao tayari mna madaftari na rekodi za mwaka jana, msingoje kazi mpya. Kaeni wiki hii, wawili wawili, mpitie kurasa moja moja. Kila jina lisilo na sababu ya kuwepo, likateni kwa wino mweusi.

Babu yenu,
mhariri mstaafu, Tanga