Sindano ya jenta na dawa ya maji: masikio ya mama yangu

Mhariri, naomba nafasi niseme hili maana limenikaa rohoni tangu mwaka jana.

Mama yangu ana ugonjwa wa moyo, miguu inamvimba, anameza vidonge vya kutoa maji, furosemidi. Akapata maambukizi makali ya mkojo akalazwa, wakamwanzishia sindano za jentamisini (jenta), dawa ya kuua bakteria, na uvimbe ulipozidi wakamwongezea furosemidi ya kwenye mshipa. Homa ikashuka tukashukuru. Siku ya 6 akaanza kusema masikio yanavuma kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa, nesi akasema itaisha yenyewe. Haikuisha. Leo simu inalia pembeni yake hashtuki, mjukuu anaita bibi, bibi, yeye anaendelea kuchambua mchele mpaka aguswe bega, halafu anatabasamu kama anaomba radhi, na hilo ndo linaniuma kuliko yote.

Daktari wa masikio alitueleza baadaye kwamba ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinywele vinavyopokea sauti. Jentamisini inaziua, na kwa binadamu zikishakufa hazioti tena. Kwa kawaida dawa hupenya huko kidogo kidogo, ila furosemidi hasa ikisukumwa kwa haraka kwenye mshipa inalegeza kizuizi kilichopo kati ya damu na maji ya sikio, basi jenta inapita kwa wingi, na figo zikiwa zimechoka ndo kabisa maana dawa haitoki mwilini. Furosemidi peke yake mtu akipoteza usikivu mara nyingi unarudi, zikikutana hizi mbili ndo balaa.

Na si jambo geni jamani! Streptomisini, ndugu yake jenta, iligunduliwa 1943 na madhara yake kwa masikio yanajulikana miaka mingi. Kanamisini nayo ni wa ukoo huohuo, mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likasema isitumike tena kwa TB sugu.

Sisemi jenta iondolewe, inaokoa vichanga kila siku. Ila dawa zote mbili za mama ziliandikwa kwenye karatasi moja, mstari juu ya mstari. Naomba anayeandika mstari wa pili asome wa kwanza, figo zipimwe kabla, na mgonjwa akisema masikio yanavuma daktari aitwe saa hiyohiyo, asiambiwe asubiri.

Mtoto wa mgonjwa,
Morogoro