Kabla ya kununua akili unde ya thieta, kagua kamera

Tukipita siku hizi kuhudumia mitambo ya upasuaji wa matundu madogo, kuanzia hapa Kisumu hadi Kakamega na Busia, swali tunaloulizwa kabla hata hatujafungua mkoba wa vifaa ni hili: tununue programu ya akili unde ya kumsaidia daktari kusoma picha ya upasuaji? Sisi ni mafundi wa kamera, skrini na mashine za gesi. Programu hizo hatuuzi, kwa hiyo jibu letu halina faida iliyofichwa ndani yake.

Katika upasuaji huu tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi, kisha kamera na vyombo hupitishwa kwenye matundu ya takriban milimita 5 hadi 12. Daktari hutegemea skrini. Anapotoa kifuko cha nyongo chenye mawe, ajali inayoogopwa zaidi ni kukata mrija mkuu wa nyongo akidhani ni ule mdogo wa kifuko. Mwaka 1995 Steven Strasberg na wenzake walieleza masharti matatu ya kutimiza kabla ya kukata: eneo lisafishwe mafuta na utando, sehemu ya chini ya kifuko ibanduliwe kutoka kwenye ini, na vionekane vitu viwili tu vikiingia kwenye kifuko, yaani mrija na mshipa wake wa damu.

Akili unde imeingia hapo. Programu ya GoNoGoNet, iliyobuniwa na timu ya daktari Amin Madani wa Toronto, ilifunzwa kwa video 290 za upasuaji huo kutoka nchi 37. Wapasuaji wazoefu walichora palipo salama na palipo hatari, nayo ikajifunza kuonyesha maeneo hayo kwa rangi juu ya picha. Nyingine hutambua hatua ambayo upasuaji umefikia. Kisu kinabaki mkononi mwa daktari, na uamuzi pia.

Lakini programu huona kile tu inacholetewa na kamera, na kamera nyingi tunazozikuta zinaleta picha mbovu. Lenzi ina ukungu au mikwaruzo. Rangi nyeupe ya kamera haikurekebishwa kwa kuielekeza kwenye shashi safi kabla ya kuanza, basi ini linatoka na rangi ya chungwa. Chanzo kikubwa kuliko vyote ni kebo ya mwanga. Ndani yake mna nyuzi nyembamba za kioo, na kila inapokunjwa vibaya au kuangushwa, nyuzi kadhaa hukatika kimyakimya. Picha hufifia pole pole hata wahudumu wanazoea giza. Kuipima ni rahisi: ichomoe kabisa kwenye mashine, elekeza ncha moja kwenye taa ya dari, tazama ncha ya pili. Vidoa vyeusi ni nyuzi zilizokatika. Zikifika robo, tunashauri ibadilishwe. Usiangalie ncha ikiwa kebo imeunganishwa na mashine. Mwanga ule unaumiza macho.

Daktari mzoefu huweza kubahatisha mrija katika picha hafifu kwa kuwa ameona mingi. Programu haina uzoefu huo nje ya video ilizofunzwa, na ikikosea hupaka rangi yake vilevile, ikionekana kuwa na uhakika. Hilo linatutia hofu kuliko bei yake.

Ukiamua kununua, muulize muuzaji kama programu inachakata picha kwenye kompyuta iliyo ndani ya thieta. Kamera nyingi hutoa angalau picha 25 kwa sekunde. Hiyo si kazi ya kutegemea intaneti inayokatika mvua ikinyesha. Uliza pia video za wagonjwa zinahifadhiwa wapi. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mgonjwa anastahili kuelezwa kabla hajalazwa mezani. Halafu weka betri ya akiba inayobeba kamera, mwanga, mashine ya gesi na kompyuta hiyo kwa pamoja stima ikipotea.

Ukaguzi wetu wa mtambo mzima huchukua asubuhi moja, siku ambayo thieta haina ratiba. Tunaacha ripoti ya maandishi pamoja na picha zilizopigwa na kamera yenu kabla na baada ya matengenezo, ili daktari wenu mwenyewe alinganishe.