Idi Njema, Nyinyi na Watakaokuja

Asalaam aleikum ndugu, jamaa na marafiki. Idi Mubarak! Mwenyezi Mungu azipokee saumu na visimamo vyetu, na awarehemu wale tuliokuwa nao Idi iliyopita na leo hatunao.

Kabla ya kwenda kuswali, kila mwenye nyumba amehesabu watu wake na kumtolea kila mmoja pishi ya mchele ya fitri, zaka ya kumaliza Ramadhani. Mtoto aliyezaliwa jana Alasiri, kabla jua la mwisho la Ramadhani halijatua, naye kahesabiwa. Na imepokewa kwamba Sayyidna Uthman bin Affan alikuwa akimtolea fitri hata aliye tumboni. Kila mwaka nikipima mchele hili hunijia: hajapewa jina, lakini pishi yake ipo.

Khalifa Sayyidna Umar naye, Waislamu walipoiteka Iraki, alikataa kuwagawia wapiganaji ardhi ya Sawad, mashamba yenye rutuba ya huko. Walimshikilia sana. Hoja yake ilikuwa moja: wakigawana yote, watakaokuja baadaye watakuta nini? Ardhi ikaachwa mikononi mwa wenyeji, ikatozwa kharaji, yaani kodi ya ardhi, kwa faida ya wote.

Swali hilo sasa limefika The Hague. Mwaka 2019 wanafunzi wa sheria kule Vanuatu, visiwa vya Pasifiki ambavyo bahari inazidi kuvila, walianza kuzisukuma serikali zao zilipeleke suala la tabianchi mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko huko The Hague. Mwaka 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaridhia. Tarehe 23 Julai 2025 majaji wakatamka kwa kauli moja kwamba kulinda tabianchi ni wajibu wa kisheria wa mataifa, na taifa linalouvunja laweza kudaiwa fidia. Wakasema pia kwamba maslahi ya vizazi vijavyo yazingatiwe.

Ni maoni ya ushauri, hayana askari wa kuyasimamia. Hata hivyo nayathamini sana, maana wakili yeyote anaweza kuyaweka mbele ya hakimu. Kwa wenzetu wa Kenya mlango uko wazi tangu 2010: ibara ya 42 ya Katiba inataka mazingira yalindwe kwa ajili ya kizazi hiki na vijavyo.

Basi leo, pilau ikishaliwa na watoto wakishapewa mkono wa Idi, tuulizane barazani: mikoko ya pwani yetu inakatwa kwa kibali cha nani?

Kullu aam wa antum bikheir.