Vifaranga wachanjwa, mjukuu je?

Mhariri,

Mimi ni mfugaji wa kuku wa mayai huku Bahati, Nakuru. Mwezi uliopita mjukuu wangu wa gredi ya pili aliamka shavu limevimba hadi ncha ya sikio imesukumwa nje. Matubwitubwi. Hata uji uliopoa aliulilia, kumeza kulimuuma. Sasa amepona, lakini nilipofungua kijitabu chake cha kliniki nilikuta kila sindano imejazwa. Muuguzi akanieleza kwamba ya matubwitubwi haimo katika chanjo za bure za serikali. Mwenye nacho huinunua kliniki za kibinafsi.

Kinachoniuma ni kuwa chanjo yenyewe ilitengenezwa kwa msaada wa kuku. Usiku mmoja wa Machi 1963, Jeryl Lynn, binti wa mwanasayansi Maurice Hilleman wa Marekani, aliamka taya limevimba hivyo hivyo. Baba alikimbia maabarani kuleta vifaa, akampangusa mtoto koo kwa pamba, akaigandisha sampuli. Virusi hivyo vikahamishwa yai hadi yai, kisha katika seli za kifaranga, mpaka vikaishiwa ukali. Chanjo iliidhinishwa 1967, na virusi vyake hadi leo vinaitwa Jeryl Lynn.

Hilleman alikulia shambani Montana, kati ya kuku. Mwaka wa 1957 alisoma gazetini kuhusu mafua yaliyozuka Hong Kong, akatafuta virusi vyake na kuwahimiza watengenezaji chanjo waanze kazi mara moja. Akataka pia wafugaji waambiwe wasichinje majogoo! Mfugaji ataelewa: virusi hukuzwa ndani ya yai lenye kifaranga kinachoanza kukua, na bila jogoo yai kama hilo hakuna. (Mayai yangu ya dukani yasingemfaa kitu.) Dozi zipatazo milioni 40 zilitengenezwa. Hata chanjo ya Marek, ugonjwa unaopoozesha kuku, ambayo vifaranga wangu hudungwa siku ya kwanza kabla sijawachukua, ina mkono wa Hilleman.

Najua fedha ni chache, na surua ndiyo muuaji zaidi. Siombi miujiza. Lakini mama anapompeleka mtoto wa miezi 9 kudungwa ya surua na rubela, aambiwe kwamba kuna nyingine inayojumuisha matubwitubwi, iliyopo tangu 1971, na bei yake, ajipange mapema. Hakuna aliyetuambia. Mimi ningeuza majogoo wawili.

Mfugaji,
Bahati, Nakuru