Msitu ni wake, lakini jina ni letu sote

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie msitu mdogo wa mtu binafsi ulioko upande wa Karen, ambao wakazi, wachuuzi na waendeshaji bodaboda wameuita Mihuguni tangu tukiwa watoto, na ambao mmiliki wake mpya ameuwekea langoni bango lenye jina la Kiingereza ambalo hakuna jirani aliyewahi kulisikia.

Sipingi haki yake. Katiba ya 2010 inalinda ardhi ya kibinafsi, na hati ya kumiliki ardhi hukitambua kipande kwa nambari yake, si kwa jina la miti iliyomo. Kwa hivyo bango hilo halimwongezei chochote katika hati, wala kulibakiza jina la zamani kusingempunguzia. Sisi ndio tunaopoteza. Mgonjwa akizidiwa usiku, dereva wa ambulensi huelekezwa Mihuguni, kisha lango la pili kushoto, naye hufika bila kuuliza tena.

Isitoshe, mihugu yenyewe, miti iliyoupa msitu jina hilo, bado imesimama pale. Ukipita kando ya ua wakati wa upepo, utaona majani yakipinduka na kuonyesha upande wa chini ulio mweupe. Ni mti unaokua polepole mno, wenye mbao ngumu zisizoliwa na mchwa kwa urahisi, na ndiyo maana wachonga vinyago na wanaotafuta nguzo za ua wameuandama kwa miaka mingi. Jina la zamani humjulisha mpita njia kilichomo ndani. Hilo jipya lingeweza kubandikwa kwenye ploti yoyote ya nyumba za kukodisha.

Profesa Wangari Maathai na wenzake waliposhambuliwa mwaka wa 1999 wakiutetea msitu wa Karura, Wakenya walijua mara moja ni msitu gani uliokuwa hatarini. Msitu unaobadilishwa jina kila unaponunuliwa utatetewa na nani, na kwa jina gani? Barabara ya Forest ilipopewa jina la Profesa huyo mwaka wa 2016 nilifurahi, kwa kuwa sababu yake ilieleweka na kila mtu. Hapa kwetu hatujaelezwa sababu yoyote.

Ninachomwomba mmiliki ni kwamba bango libebe majina yote mawili, na endapo ataamua kuusajili kwa Shirika la Huduma za Misitu kama msitu wa kibinafsi, jambo ambalo Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inaliruhusu na ambalo majirani tungelipokea kwa furaha kubwa, ausajili kwa jina la Mihuguni. Gharama ya kuliandika bango upya tuko tayari kuichangia, na barua yenye ombi hili tumeshamwachia mlinzi wa langoni.

Mkazi wa Karen,
Nairobi