Methali haitoshi kuwa ushahidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo limenikosesha raha tangu mkutano wa mtaa wetu wa mwezi uliopita, nalo ni namna tunavyojenga hoja, au niseme tunavyoshindwa kuzijenga, tunapokutana kuamua mambo yanayotuhusu sote.

Siku hiyo tulikuwa tunajadili ada ya uzoaji wa taka. Kijana mmoja alisimama na stakabadhi zake mkononi, akaeleza kwamba kwa miezi mitatu mfululizo amelipa ada kamili ilhali gari la taka limefika kwenye kichochoro chao mara moja tu, kwa hiyo akaiomba kamati isome hesabu za makusanyo kabla ya kupandisha ada. Hata hajakaa, mzee mmoja ninayemheshimu sana akamjibu: "Wewe ni mpangaji, umehamia juzi, sisi wenye nyumba ndio tunaoujua mtaa huu." Watu wakapiga makofi, mwenyekiti akaingia kwenye ajenda nyingine, na kijana akazirudisha stakabadhi mfukoni.

Kijana yule alitoa madai mawili yanayoweza kukaguliwa, kwamba alilipa na kwamba gari lilikuja mara moja tu, na kutokana na madai hayo akafikia hitimisho lake. Anayetaka kumpinga ana njia mbili. Ama aonyeshe kwamba dai mojawapo si kweli, kwa mfano kwa kuleta daftari la safari za gari, ama aonyeshe kwamba hata madai yote mawili yakiwa ya kweli, hitimisho halitokani nayo, pengine kwa sababu hesabu hizo zilikwisha kusomwa na kupitishwa. Upangaji wake haumo katika njia yoyote kati ya hizo, kwa kuwa stakabadhi ya mpangaji na ya mwenye nyumba hukatwa kutoka kitabu kimoja. Nakubali kwamba zipo nyakati ambapo hali ya msemaji ina uzito: laiti kijana angedai kuwa gari halijawahi kupita kwa miaka kumi, ingekuwa haki kumuuliza miaka hiyo yote alikuwa wapi, maana hapo tungekuwa tunategemea kumbukumbu yake peke yake. Hapa hatukuhitaji kumbukumbu ya mtu. Karatasi zilikuwepo.

Kosa hilo la kumjibu mtu badala ya kuijibu hoja yake lina ndugu wengi, na watu wameyachunguza makosa ya namna hii tangu zamani. Aristotle wa Ugiriki, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alitaja aina 13 za hoja potofu, sita zikitokana na matumizi ya lugha na saba zikitokana na mambo mengine. Baadaye wanafalsafa al-Farabi na Ibn Sina waliifasili na kuiendeleza elimu hiyo kwa Kiarabu, lugha iliyotupatia maneno hoja na mantiki. Anayedhani kwamba mambo haya ni ya wasomi wa mbali ayasikilize maneno anayoyatumia mwenyewe kila siku.

Hata hivyo, kosa linaloniuma zaidi ni la nyumbani kabisa. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari hapa Dar es Salaam kwa miaka 31, na katika miaka hiyo nimekuwa mwamuzi wa midahalo mingi kiasi cha kujua mapema ni sentensi gani italeta makofi. Ni methali. Mwanafunzi anaweza kubanwa na swali ambalo hana jibu lake, akanyamaza kidogo, kisha akasema "Mtoto wa nyoka ni nyoka", na ukumbi mzima ukalipuka kana kwamba jambo limethibitishwa. Nazipenda methali zetu na nimezifundisha kwa moyo wote, na kwa sababu hiyohiyo naumia kuona zikibebeshwa kazi isiyo yao. Anayesema "Haraka haraka haina baraka" atajibiwa "Ngojangoja huumiza matumbo", na wote wawili watakuwa wamesema kweli bila yeyote kuthibitisha kama daraja lijengwe mwaka huu au mwakani. "Samaki mmoja akioza, wote wameoza" ni onyo jema kwa mwenye tenga la samaki katika soko la Feri, lakini haimfanyi mhasibu wa pili kuwa mwizi eti kwa sababu wa kwanza aliiba. Nayo "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja", ikitumiwa kama ushahidi, haiwezi kushindwa na chochote: uvumi ukionekana kuwa kweli imeshinda, na ukionekana kuwa uongo inatuambia tusubiri. Dai lisiloweza kuonyeshwa kuwa si kweli hata kwa ushahidi wa aina gani halijatuambia lolote kuhusu jambo tunalobishania.

Mfano ninaoupenda darasani ni "Dalili ya mvua ni mawingu". Tukisema kwamba kila mvua inaponyesha mawingu huwepo, kisha tukaona mvua, ni halali kuhitimisha kwamba mawingu yapo. Tukiigeuza, tukaona mawingu na kuhitimisha kwamba lazima mvua itanyesha, tumekosea, na mkazi yeyote wa jiji hili aliyewahi kuanua nguo bure anajua hivyo. Methali yenyewe haina kosa, kwa sababu imesema dalili. Sisi ndio tunaoigeuza dalili kuwa uthibitisho. Tunafanya vivyo hivyo tunaposema kwamba maji yalianza kuingia majumbani baada ya jirani kujenga ukuta, basi ukuta ndio uliosababisha, bila kuuliza kama masika ya mwaka huo yalikuwa makubwa kuliko mengine, au kama na mitaa isiyo na ukuta ilifurika.

Yapo pia makosa ya wale waliokwisha kujifunza. Wanafunzi wangu wakishajua majina ya hoja potofu huanza kuyarusha kama mawe, wakiamini kwamba aliyejenga hoja vibaya lazima awe amesema uongo. Sivyo. Mtu anaweza kujenga hoja mbovu juu ya jambo la kweli, na kubomoa hoja yake hakutupi haki ya kutangaza kinyume chake.

Ombi langu kwa walimu wenzangu wanaosimamia midahalo ni dogo. Kwenye karatasi ya alama, zitengwe alama kwa mzungumzaji anayeanza kwa kueleza hoja ya mpinzani wake kwa namna ambayo mpinzani mwenyewe ataikubali, ndipo aijibu. Na anayetumia methali aulizwe palepale: kwa nini inahusu jambo hili, na si ile inayosema kinyume chake?

Mkutano wetu unaofuata ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nimekwenda kwa mwenyekiti kumwomba airudishe ajenda ya hesabu za taka, naye amekubali. Kijana nimemwambia aje na stakabadhi zake zote.

Mwalimu mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam