Bampa la PP halishikwi na supaglu

Mhariri,

Watu wanamimina supaglu kwenye ufa wa bampa, inakauka kama kioo, gari likiruka tuta la kwanza ufa umerudi pale pale. Tazama bampa kwa ndani: mara nyingi pameandikwa >PP+EPDM<. PP ni polipropilini, na EPDM ni mpira uliochanganywa nayo. Plastiki hiyo inanyumbuka, na gundi za kawaida haziing'ang'anii.

Dawa yake ni joto. Toboa tundu la milimita 3 kwenye ncha ya ufa ili usizidi kukimbia. Osha kwa sabuni, futa kwa spiriti. Kwa ndani chonga mfereji wa umbo la V hadi nusu ya unene, zamisha kwa joto wavu mwembamba wa chuma cha pua, kisha jazia kijiti cha PP kilichoyeyushwa. Zipu tai (vile vifungo vya plastiki vya kufungia nyaya) ambazo mafundi wengi huyeyusha ni nailoni. Haziungani na PP, utazibandua kwa ukucha. Plastiki ikianza kutoa moshi, joto limezidi na kiungo kitakuwa dhaifu. (Moshi huo wenyewe si wa kuvuta, fanyia nje.)

Upande wa nje piga msasa namba 180, halafu 320. Usiruke praima ya plastiki (rangi ya msingi inayoshikisha rangi kwenye plastiki), la sivyo rangi itabanduka vipande vipande siku ya kuoshwa kwa presha.

Mafundi bodi,
Morogoro